Mashine ya Kuita Karanga

Kwa siku mbili nzima spika zangu zilikuwa zimechomekwa kwenye tundu la maikrofoni. Nalisema hili mapema ili usije ukanidhania fundi. Kidude cha sauti cha USB, kile cha kuunga spika na kompyuta, kina matundu mawili yaliyokaa jirani kama ya pua, yote meusi, na juu ya kila tundu kuna mchoro mdogo kuliko yai la chawa. Niliangalia mchoro wa kwanza nikaona doa, nikaangalia wa pili nikaona doa, nikachagua la kushoto kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono wangu. Basi siku mbili nikaandika amri, nikafuta amri, nikazima, nikawasha, nikamlaumu aliyeniuzia, nikailaumu hata stima ya Malaba, ambayo wiki hiyo, kwa mara moja katika maisha yake, haikuwa na hatia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi akichambua karanga, akinitazama. Siku ya tatu aliweka ungo chini, akainuka, akachomoa pini ya spika, akaichomeka kwenye tundu la pili, akarudi kwa ungo wake. Spika zikamwaga mlio wa majaribio kama mvua juu ya mabati. Mama hakusema neno. Hangeweza kulisema hata angetaka, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya mimi kukaa na hayo mawaya.

Mama ameuza karanga kwenye foleni ya malori tangu nilipokuwa darasa la tatu. Mtu asiyeijua foleni ya Malaba hudhani kuuza karanga pale ni kubeba sinia na kutembea. La. Dereva aliyekaa hapo tangu alfajiri akingoja kuvuka kwenda Uganda hajalala wala hayuko macho. Amepandisha miguu juu ya usukani, ameshusha pazia, na kichwa cha lori kiko juu kama dirisha la ghorofa. Hakuoni, nawe humwoni. Pale watu hununua kwa sikio. Kila mama ana mwito wake, na mwito wa mtu hauguswi na mwingine, kama vile huwezi kuingia shamba la jirani na jembe lako ukaanza kupanda. Wala mlango wa lori haugongwi. Kugonga ni kazi ya askari na ya wezi. Unaita, basi. Anayekujua atashusha mkono.

Mwito wa mama ulianza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kiganda. "Karaaanga! Karanga moto! Ebinyeeebwa!" Hilo la mwisho, ambalo ni karanga zile zile kwa lugha ya ng'ambo, alilipandisha juu, kama anayemwita mtoto aliye upande wa pili wa mto. Madereva wa Uganda waliotoka Mombasa walisema wakisikia hilo neno wanajua wamefika kwao, hata kama bado wana saa sita za foleni mbele yao.

Halafu shingo yake ikafura. Tulizunguka zahanati mbili tatu, mwishowe daktari wa hospitali kubwa akasema uvimbe utolewe, na akatueleza wazi kwamba mshipa wa sauti unapita papo hapo. "Sauti inaweza kurudi haraka, inaweza kuchukua miezi, inaweza isirudi," alisema. Sikumpenda huyo daktari, lakini hakutudanganya.

Hapa inafaa nijieleze. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na kusema kweli sijatoka tena. Kazi yangu ni kuchapa wasifu wa marehemu. Watu huniletea karatasi zilizoandikwa kwa mkono, mimi nazipanga, naweka picha juu na orodha ya wajukuu chini, naprinti. Wateja wanakuja wenyewe. Sina haja ya kwenda popote. Viatu vyangu hufa kwa uzee, si kwa kazi. Jirani yetu, mama anayeuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ile ile ya mama, huwaambia watu kwamba kwetu kuna kijana wa miaka thelathini na nne anayetunzwa ndani ili asipauke.

Basi siku moja kabla ya kwenda hospitali nilipata wazo. Nikamwambia mama turekodi mwito wake kwa simu yangu, likitokea la kutokea tuwe nao. Alikubali. Akabadilisha kitambaa cha kichwa. Akakaa wima kwenye kochi, mikono juu ya magoti, na nilipobonyeza tu akaanza: "Hamjambo wasikilizaji popote mlipo. Mimi niko salama. Salamu zangu ziende kwa dada yangu kule Sigalame, ziende kwa akina mama wote wa kanisa letu, na kwa wagonjwa wote walioko hospitalini."

"Mama, hii si redio."

"Kwani ni nini?"

"Ita karanga tu."

Akakohoa kidogo. "Karanga," akasema. "Karanga tamu. Karibuni wateja." Alisoma kama anayesoma waraka wa mtume siku ya Jumapili. Nikacheka mpaka simu ikatikisika. Yeye mwenyewe akacheka, halafu akasema, "Ndani ya nyumba haitoki. Mimi sijawahi kupiga kelele kwa nyumba. Twende barabarani nikuitie vizuri."

Nikamwambia, "Hapa iko sawa, mama. Huko malori yataharibu rekodi."

Ilikuwa kweli kwamba malori yangeiharibu. Lakini haikuwa sababu. Sababu ni kwamba sikutaka kuonekana katikati ya wale akina mama nimeshika simu mbele ya mdomo wa mama yangu. Wananijua, na wana midomo. Kwa hivyo nikarekodi pale kochini maneno yote niliyoyaona ya maana: mwito, bei, "sina chenji", "asante", "safari njema". Dakika tano tukamaliza. Foleni iko umbali wa dakika kumi kwa miguu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Sauti haikuamka. Mama akifungua mdomo kulitoka pumzi tu, kama mtu anayepuliza chai. Wiki ya kwanza tulisema ni dawa za usingizi. Mwezi wa kwanza tulisema ni kidonda. Mwezi wa pili mama wa mayai alikuja jioni, akasimama mlangoni na beseni lake tupu kichwani.

"Dada," akamwambia mama, "yule dereva wa tenki, yule mnene wa Kampala, leo ameniuliza yule wa ebinyeebwa alizikwa lini."

Mama akasitisha mkono juu ya ungo.

"Nimemwambia uko hai. Ameniangalia tu. Na kuna msichana mgeni ameanza kusimama pale kwa kalavati yako. Nimemfukuza mara mbili. Mara ya tatu sijui kama atanisikia."

Kalavati ile, kijidaraja cha mtaro tu, ni ya mama kwa sababu sauti yake imekuwa hapo miaka yote hiyo. Hakuna karatasi. Mahali pakinyamaza muda mrefu, watu huona pameachwa, na sidhani wana makosa. Mama alilala mapema siku hiyo. Kesho yake hakuchambua karanga. Alikaa tu akitazama lango. Siku iliyofuata pia. Hapo ndipo nilipotoa kikompyuta changu.

Nilikinunua zamani Busia, kwa mtu aliyekuwa akifunga saiba yake ya intaneti. Ni ubao mmoja tu, ukubwa wa kitambulisho, una matundu pande zote na hauna hata kifuniko. Kwa miaka kilikuwa kinanionyesha sinema kwenye televisheni. Mpango wangu ulikuwa hivi: nikiunge na vile vitufe vya namba vya makarani, spika mbili ndogo, na pawabanki ya kutoa umeme, vyote ndani ya mkebe wa plastiki chini ya sinia. Mama akibonyeza moja, mashine inaita karanga. Akibonyeza mbili, inataja bei. Akibonyeza sita, safari njema.

"Si ununue tu ile tarumbeta ya wauza sumu ya panya?" mama wa mayai aliuliza akichungulia juu ya ua.

Nikamweleza kwamba ile husema jambo moja kutwa nzima, na madereva wakiisikia hupandisha vioo. Mama anahitaji kujibu watu.

"Haya, injinia," akasema. Tangu siku hiyo hilo likawa jina langu.

Kikompyuta changu hakina tundu lake la spika. Sauti yake hupitia kebo ya televisheni. Ndiyo maana nilitoka, naam, nilitoka, nikapanda hadi Busia kutafuta kidude cha sauti. Jamaa wa kibanda alikuwa nacho ndani ya boksi la vifuniko vya simu.

"Boss, hii ni orijino?"

"Ni orijino ya hapa."

Hiyo ilitosha. Mambo ya tundu nimeshakiri. Baada ya mama kuliponya, nikacheza rekodi yake ya kwanza, na spika zikanyamaza kabisa, huku televisheni ikisema kwa sauti ya chini, "Karanga tamu." Kumbe mashine ina njia mbili za sauti na inazipa namba: televisheni ni sifuri, kidude ni moja. Nikaiambia ipeleke kwa moja. Ikatii. Nikashangilia, nikachomoa televisheni ili nijaribu kama itakavyokuwa barabarani, nikawasha upya. Kimya. Bila televisheni, kidude kilikuwa kimejisogeza mbele na kujiita sifuri. Namba moja sasa hakuna mtu. Nikairekebisha iwe sifuri. Nikarudisha televisheni nione maandishi, na sauti ikarudi kwa televisheni. Nilizunguka hivyo tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi, kama mbuzi aliyefungwa kwa mti, nikiifupisha kamba yangu mwenyewe.

"Injinia, leo imeongea?" sauti juu ya ua.

"Imekohoa."

"Ipe tangawizi."

Kwenye mtandao nilimpata mtu mwenye shida yangu ile ile. Alikuwa ameieleza vizuri, neno kwa neno, karibu nilie. Chini yake watu wanne walimtukana kwamba hajasoma maelekezo. Kisha mwenyewe akaandika kwamba amefanikiwa, asanteni wote, akaenda zake. Hakusema amefanikiwa vipi. Nimechapa wasifu wa marehemu wengi, na sijawahi kumtamani mtu azikwe kama yule. Siku mbili baadaye, mahali pengine, nikaona kumbe kidude kina jina, na unaweza kukiita kwa jina badala ya namba. Nikakiita kwa jina. Kikaitika, televisheni iwepo isiwepo.

Bado kulikuwa na mikwaruzo. Sauti ya mama ilitoka kama inakaangwa. Pembeni mwa skrini palikuwa na alama ya radi ya manjano, na mimi kwa siku zote hizo nilikuwa nikiitazama kwa furaha, nikidhani mashine inanijulisha kwamba stima ni ya kutosha. Kumbe inalia njaa. Waya niliokuwa nimetumia ni ule mwembamba wa kuchajia simu, na umeme unaofika mwisho wake ni mabaki. Nikapata waya mnene. Radi ikatoweka. Mikwaruzo ikaisha. Mama akabonyeza sita, mashine ikasema kwa sauti yake mwenyewe, safi, "Safari njema." Akaweka mkono mdomoni. Akabonyeza tena. Nadhani alibonyeza mara ishirini, na kila mara midomo yake ilifuata maneno. Tulikuwa tumeweka sauti chini, nusu ya nusu, kwa sababu tulikuwa ndani ya nyumba.

Kesho yake tukaenda. Mama alikuwa amekaanga karanga tangu asubuhi na kuzifunga kwenye karatasi. Alivaa kile kitambaa alichovaa siku ya kurekodi. Nilibeba mkebe kama ninayebeba mtoto wa mtu mwingine. Foleni ilikuwa ndefu, malori yamekaa hadi kule mteremkoni, injini nyingine zinanguruma, na kwenye kalavati ya mama alikuwa amesimama yule msichana na sinia lake. Alipomwona mama alisogea hatua tatu. Hakuondoka. Alisogea hatua tatu tu, akasimama kungoja aone.

Na tenki la dereva mnene lilikuwa pale pale, la nne kutoka kwetu, pazia limeshushwa. Mama ndiye aliyeliona. Alinigusa bega, akalionyesha kwa kidevu.

Nikaongeza sauti hadi mwisho. Mama akabonyeza moja.

"Kara—" ikasema mashine, ikanyamaza.

Akabonyeza tena. Hakuna. Nikachuchumaa vumbini, nikafungua simu yangu ambayo nilikuwa nimeiunga na mashine, nikatazama. Kidude cha sauti hakikuwepo. Hakikuwa kimeharibika, hakikuwepo tu, kama vile hakijawahi kununuliwa. Nikazima, nikawasha. Inachukua dakika moja na nusu kuamka. Dakika moja na nusu kando ya barabara mkiwa mmesimama na sinia ni ndefu, nakuambia. Ikaamka. Kidude kimerudi. Mama akabonyeza.

"Kara—"

Hapo nikaelewa, na kuelewa hakukunisaidia. Spika zinakula umeme kwenye ubao ule ule. Sauti ikiwa ya sebuleni zinakula kidogo. Sauti ikiwa ya barabarani zinakula yote, na kidude kinaanguka njaa. Wiki tatu sikuwa nimejaribu hata mara moja kwa sauti kamili, maana sebuleni nani anapiga kelele? Nikapunguza hadi nusu. Mama akabonyeza, na mashine ikasema sentensi nzima bila kukatika, kwa adabu, "Karanga. Karanga tamu. Karibuni wateja," na lori lililo mbele yetu likapumua breki, likaifuta yote.

Dereva wa lori hilo alichungulia chini. "Mama, hiyo redio ya kanisa gani?"

Yule msichana akacheka, akaficha mdomo kwa kiganja.

Nikapandisha sauti kidogo. "Kara—" Nikashusha. Nikazima. Nikawasha. Jasho likaingia machoni, herufi za simu zikawa minyoo. Mbele, mtu alipiga honi, halafu mwingine, na injini zilizokuwa zimezimwa zikaanza kuwaka moja baada ya moja. Lango la mpaka lilikuwa limefunguliwa. Foleni inasogea. Tenki nalo likatikisika, moshi ukatoka, lakini pazia halijafunguliwa upande wetu.

Mama akaacha mashine. Akalishika sinia kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akafungua mdomo wake mwenyewe. Niliona shingo ikikaza, kovu likawa jeupe. Kilitoka kile kile cha kupuliza chai. Akavuta pumzi tena. Msichana akaacha kucheka.

"Ngoja, mama," nikasema, "ngoja inaamka, bado dakika moja." Nilikuwa bado nimechuchumaa. Nilikuwa nikibonyeza simu kama anayekuna upele.

Mama wa mayai alikuwa upande wa pili wa barabara. Alipita katikati ya malori mawili na beseni lake, akaja akasimama mbele yangu mpaka kivuli chake kikafunika simu. Tenki lilikuwa limeanza kutambaa, likitujia polepole. Hakuniita injinia.

"Mimi siwezi kumwitia, si mwito wangu," akasema. "Lakini wewe ni mtoto wake, umeusikia tangu ukiwa kwa mgongo wake, na umekaa hapo chini unafinya simu ati unamtafutia sauti. Simama uite karanga, ama na wewe tukununulie USB?"